Taa za Chombo cha Sajini

Machi 4

Masika yameanza, na chuo kimekwisha kutangaza kwamba ndiyo yaliyomuua mwenzetu. Ukuta wa bweni la pili, ambao kwa miaka mitatu tuliuandikia malalamiko kwa sababu ufa wake ulipitisha mkono wa mtu mzima, umemwangukia mwanafunzi akiwa kitandani. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa utawala linasema: "ajali ya hali ya hewa." Ni utawala gani huu unaojificha nyuma ya mawingu? Je, mvua ndiyo iliyopunguza saruji? Mvua ndiyo iliyotupa barua zetu kapuni? Kamati imekata shauri: keshokutwa tunaandamana kudai uchunguzi huru. Mwenyekiti wetu, Tarumbeta, ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti, alisema maneno machache tu, nayo yalitosha kuwasimamisha watu juu ya viti.

Nyumbani nilimkuta Mama mezani, miwani puani, taa ya kichwa ikimulika kile chombo chake cha anga. Ni kielelezo cha plastiki, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, alichokiunga kipande kwa kipande tangu mwaka jana. Sasa anataka kukitia taa: nyeupe madirishani, buluu kwenye injini, nyekundu kwenye ncha za mabawa.

"Umekuja wakati mzuri, wakili," alisema. Nasomea sheria, na kwake hiyo ni sababu tosha ya kunitania kila siku. "Macho yangu yamegoma. Shika hapa."

"Mama, leo kuna mtu amekufa."

"Najua, nimeisoma ripoti. Shika kwanza, lehemu inapoa."

Nikashika. Mama yangu ni sajini wa kikosi cha kutuliza ghasia. Katika kamati nzima, Tarumbeta peke yake ndiye anayelijua hilo.

Machi 5

Mvua kutwa. Nimelehemu taa sita, zimewaka nne. Mama anasema mbili nimeziunga kichwa chini.

Machi 6

Tulifika lango kuu tukiwa wengi kuliko nilivyothubutu kutumaini, tukiimba chini ya mvua, na wao walikuwa wamekwisha kujipanga: ngao, virungu, kofia zenye kioo cheusi kinachofanya kila askari awe askari yule yule. Tarumbeta alisoma madai yetu. Hakufika dai la pili. Filimbi ikalia, wakatuingia.

Sikuwahi kujua kwamba kirungu kikimpata mtu shingoni kinatoa sauti ndogo hivyo. Nilimwona mwanafunzi wa uhandisi akipigwa akiwa amekwisha kuanguka, akipigwa tena alipoinua mkono kujikinga, akipigwa mara nyingine kwa sababu hakuuinua. Nikaokota nusu ya tofali. Nitaandika hapa kilichotokea, kwa sababu shajara inayodanganya haina tofauti na tangazo la utawala: nililirusha kwa nguvu zangu zote, likampata askari chini ya ukingo wa kofia, akaenda chini kwa magoti yote mawili, na mimi nikafurahi. Nilifurahi hadi kifuani.

Kando yangu alikuwa yule binti wa mwaka wa kwanza tunayemwita Kigoda, kwa vile ni mfupi na huja mikutanoni na kigoda chake cha plastiki ili aone jukwaa.

"Kaka," aliniambia tukikimbia, kigoda kikigonga mapaja yake, "hoja zetu zilikuwa nzuri. Tofali lilikuwa la nini?"

"Wao wameanza!"

"Ndiyo. Sasa watasema tumeanza sisi."

Nilimwona mjinga.

Machi 7

Mama alirudi mchana, akavua buti mlangoni, akanawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akaketi mezani akavuta kisanduku cha vifaa.

"Mwenzangu ameshonwa usoni," alisema. "Tofali. Ana watoto watatu."

"Na wanafunzi wangapi wameshonwa, sajini?"

Alinitazama juu ya miwani. "Mezani hapa hakuna chuo na hakuna kikosi. Ukitaka hotuba, nenda kahutubie sufuria jikoni. Ukitaka kukaa, nipe kibano."

Nilimpa kibano. Taa yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, na ina miguu miwili: mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kila moja hutanguliwa na rezista, kijiti chenye mistari ya rangi kinachoubana umeme usiingie wote kwa mpigo. Niliunganisha moja bila rezista, kwa haraka. Ikamulika chumba kizima, ikafa, ikaacha harufu ya kuungua.

"Umeona?" alisema Mama. "Imewaka kuliko zote. Mara moja. Kama nyinyi."

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nimecheka kabla sijapata jibu, na kwa hilo nilijichukia jioni yote.

Machi 11

Leo tumelishikiza ganda la juu kwa utepe kwa muda na kuwasha kwa mara ya kwanza. Balaa! Badala ya madirisha kung'aa, kiling'aa chombo kizima, tumbo, mgongo na mabawa, maana plastiki ni nyembamba, ya manjano hafifu, na mwanga umepenya kila mahali.

"Huyu ana homa ya manjano," nilisema.

Mama alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Nilimuuliza kwa nini asifuge kuku kama askari wenzake. "Chombo hakili pumba," alisema, "wala hakiniulizi nilikuwa wapi." Inabidi kufungua, kupaka rangi nyeusi kwa ndani, kisha ya fedha juu ya nyeusi, ndipo mwanga utoke mahali ulipopangiwa tu.

Machi 12

Tumepaka nyeusi. Redio ilisema mwanafunzi wa uhandisi amepoteza figo.

Machi 16

Usiku nililala bwenini kwa Tarumbeta. Walikuja mabwenini asubuhi, kabla hatujatoka. Hawakugonga. Walivunja milango kwa buti, wakatutoa kwenye vyumba kwa nywele, kwa masikio, kwa chochote kilichoshikika, wakatupitisha kati ya safu mbili za virungu zilizopangwa kwenye ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Ngazi zile nimezipanda miaka miwili nikizilalamikia uchovu. Leo nilizishuka kwa mgongo. Tarumbeta aligeuka kumwambia askari neno moja, na askari akamjibu kwa kitako cha ngao mdomoni. Meno ya mbele yote yametoka. Niliyaona kwenye maji ya mvua chini ya ngazi, na damu ikiyazunguka taratibu.

Sijui kama Mama alikuwepo. Wote walikuwa na vioo vyeusi.

Tulikutana mchana kwenye stoo ya mashuka nyuma ya bweni la nne. Tarumbeta alizungumza kwa mdomo uliovimba, na kwa mara ya kwanza ilitupasa kumsogelea ili tumsikie. Alikumbuka mambo niliyomsimulia siku za nyuma kwa majivuno ya kipuuzi, namna ninavyoweza kuunga saketi ya kuzifanya injini za buluu zimetemete.

"Mtu anayewasha injini ya kuchezea," alisema, "anaweza kuwasha lori."

"Lori lina watu."

"Litakuwa limeegeshwa. Tupu. Tunachoma bati na matairi, ndugu yangu. Wewe tengeneza cha kuwasha tu, hayo mengine tuachie sisi."

Kigoda peke yake alipinga. "Mwenzetu aliuawa na ukuta," alisema. "Tunadai uchunguzi. Lori likiungua watachunguza lori." Wakamzomea. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliozomea, na kwa sauti.

Machi 19

Nimeikamilisha saketi ya injini. Hazimulikimuliki kijinga kama taa za duka. Zinapanda na kushuka, kama kitu kinachopumua. Mama alinishika mkono akautazama kama unavyotazama chombo kilichotoka kwa fundi. "Hautetemeki," alisema. "Umeutoa wapi mkono huu? Baba yako hata sindano hakuweza kuitunga uzi."

Alipokwenda jikoni nilichukua kisanduku cha betri, swichi na saketi ya pili tuliyoitenga kwa akiba, nikavitia kwenye soksi.

Machi 20

Nimempelekea Tarumbeta. Amenikumbatia. Mdomo wake unanuka usaha.

Machi 22

Ugomvi. Kwenye taarifa ya habari redioni alisikika msemaji wa kikosi akisema kwamba mabwenini "nguvu ya wastani ilitumika." Nilimuuliza Mama wastani ni meno mangapi. Akaniambia nizime redio. Nikamuuliza kama alikuwa kwenye ngazi. Akasema, "Nilikuwa kazini." Nikasema hata mchinjaji huwa kazini. Akaenda kufua sare.

Nikabaki na chombo, na hasira ikaniambia nimalize nimpe kitu chake, yaishe. Nikapaka gundi ya haraka kwenye ukingo wote, nikafumba ganda la juu na la chini, nikalifunga kwa mipira lisifunguke. Aliporudi akawasha. Madirisha yalikuwa na ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto.

"Umefumba kabla gundi haijapumua," alisema. Kumbe moshi wa gundi hiyo, ukikosa pa kutokea, huganda juu ya plastiki angavu, na hautoki hata ukisugua. "Miezi minane nimeyakata madirisha hayo." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Machi 25

Kesho ni maandamano makubwa. Nitaandika mazungumzo ya leo kama yalivyokuwa, kwa maana sijui kesho nitakuwa mtu wa kuandika nini.

Mama alikuwa anapanga kisanduku chake cha vifaa. Aliniita kwa jina, si wakili.

"Betri zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Mwanangu, mimi nimehoji wezi kabla hujazaliwa. Kisanduku cha betri, swichi na ile saketi. Chombo hakikuzila."

Yeye aliendelea kupanga rezista kwa rangi zake.

"Kuna wanafunzi wanataka lori," alisema. "Tumeambiwa asubuhi. Hatukuambiwa nani ametengeneza cha kuwashia. Mimi nimejua nilipofungua kisanduku hiki."

"Litakuwa tupu," nilisema, na papo hapo nikasikia jinsi nilivyosema kama mtoto.

"Nani kakwambia? Lori letu haliegeshwi tupu hata siku moja. Watu hukaa ndani wakisubiri filimbi, milango imefungwa kwa nje ili tusishuke ovyo. Ishirini na wanne. Hujawahi kujiuliza huwa tunatokea wapi?"

Hapana. Nilikuwa nimesoma nadharia nzima ya dola na vyombo vyake, na sijawahi kujiuliza.

"Utaniripoti?"

"Leo mimi ni mama yako. Kesho saa moja asubuhi ni sajini." Alifunga kisanduku. "Nitakuwa lori la kwanza, nyuma ya dereva. Usije ukasema hukujua."

"Usiende, Mama. Sema unaumwa."

"Niwaache ishirini na watatu, nibaki nyumbani na habari hii? Hivyo ndivyo mnavyofundishwa huko?"

Machi 26

Nina mkono mmoja unaoandika. Nitaandika polepole.

Nilifika stoo ya mashuka mapema, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hukumsikia aliye kando yako. Tarumbeta na wengine wanne walikuwa wameinamia kile kitu changu, kimeunganishwa na madumu. Niliwaambia malori huwa na watu ndani, milango imefungwa kwa nje. Nilitazama nyuso zao nikitarajia mshtuko. Hakuna aliyeshtuka.

"Ulijua," nilimwambia Tarumbeta.

"Nilijua, na wewe ungejua kama ungetaka kujua." Alinyoosha kidole kwenye ufizi wake mtupu. "Walionifanyia hivi walitoka ndani ya lori gani? La maziwa?"

"Mama yangu yumo."

"Basi na wewe una cha kupoteza kama sisi. Karibu."

Nilirukia kile kitu nikakipiga chini, nikakikanyaga, nikasikia saketi ikivunjika chini ya kisigino; nikaling'oa dumu la kwanza mfuniko nikalimwaga mlangoni, kwenye mtaro, maji ya mvua yakalichukua. Hapo ndipo waliponifikia. Mguu wa kiti ulinipata kwenye kiwiko, nikasikia mfupa ukilia. Mkanda ulinipata usoni upande wa chuma. Mtu niliyeshiriki naye sahani mwaka mzima alinikalia kifuani akanipiga ngumi akilia, akisema, "Msaliti, msaliti," na kila neno na ngumi yake. Nilimuuma mkono mpaka akaniachia. Nilimpiga teke Tarumbeta palepale kwenye kidonda cha mdomo, naye akalia kwa sauti ile ya zamani, sauti ya jukwaani. Nilitoka nikitambaa.

Nje maandamano yalikuwa yamekwisha kuvunjika. Barabara ya maktaba ilijaa moshi na viatu vilivyoachwa. Lori la kwanza lilisimama mbele ya ngazi za maktaba, milango ikafunguliwa, wakamwagika wote ishirini na wanne, wazima, virungu juu. Hao ndio niliokuwa nimewaokoa.

Nilianguka. Kigoda alinikuta hapo. Aliweka kigoda chake chini, akanishika shati kwa mikono miwili, akanivuta.

"Amka, Kaka! Amka, wanakuja! Mzito wewe, utadhani umekula maktaba!"

Alikuwa amekwisha kuniinua hadi magotini. Nilimwona askari akitoka kwenye safu, akikimbia kutujia peke yake, mbio kuliko wenzake wote. Nilimtambua. Nilipiga kelele: "Mama, hapana!" Mvua na mabomu ya machozi yakaimeza sauti yangu. Kirungu kilishuka mara ya kwanza kwenye bega la Kigoda, na mikono yake haikuniachia. Mara ya pili kilimpata usoni. Akaniachia.

Askari yule aliinua kioo chake. Alinitazama mimi, si yeye. "Wamekuua? Mwanangu, wamekuua?" Alikuwa akinipapasa uso kwa glavu yenye damu, na damu haikuwa yangu.

"Alikuwa ananinyanyua," nilisema. "Mama, alikuwa ananinyanyua."

Machi 27

Kiwiko kimevunjika mahali pawili. Jicho la kushoto la Kigoda halitaona tena.

Machi 30

Mama hajala. Anakwenda kazini, anarudi, anakaa mbele ya kile chombo bila kukiwasha. Jana nilimsimulia ya stoo; leo alisema, bila kugeuka: "Nilimwona amekukwida shati, na wewe umejaa damu. Nilidhani anakumaliza." Nikasema najua. Akasema, "Wewe ulinitoa kwenye moto, mimi nikaja kukutoa." Nikasema hilo pia najua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalorudisha jicho.

Nilikuwa nikiwaita "wao". Neno lile lilinitosha mwezi mzima. Nililisimamia kama jukwaa. Sasa kila nikilishika lina uso: wa mama yangu, wa mwenzangu aliyelia akinipiga, na wangu mimi, niliyefurahi hadi kifuani.

Aprili 1

Kikosi kimetoa taarifa. Mwanafunzi wa kike aliyejeruhiwa barabara ya maktaba "aliteleza kutoka juu ya kigoda kutokana na mvua." Baraza la chuo, kwa shinikizo la wazazi, limeunda tume. Wanatafuta shahidi aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni mmoja.

Nilikwenda hospitali. Bandeji imemfunika nusu ya uso. "Kaka," alisema, "eti niliteleza? Mimi?" Akajaribu kucheka, ikamuuma. "Yule askari alikimbia mbio kweli. Unamjua?"

Nikatoka nikiuacha mlango wazi.

Aprili 6

Jioni Mama alichukua kisu chembamba akaanza kukipasua chombo kwenye maungio, kidogo kidogo, ili ayatoe madirisha yenye ukungu na kuweka mapya.

"Shika hapa," alisema. "Mkono mmoja unatosha."

Nikashika ganda la chini. Kisu kilipita kando ya kidole gumba changu bila kukigusa.

"Keshokutwa nakwenda kwenye tume," nilisema.

"Utasema nini?"

"Kwamba hakuteleza."

Alifika pembe, akageuza kisu. "Utasema askari?"

"Nitasema jina lako, Mama."

Kisu kikasimama. Nilidhani angenipiga, nadhani na yeye alidhani hivyo. Plastiki ilipasuka kati yetu kwa mlio mkavu, chombo kikafunguka, na ndani, juu ya rangi ya fedha, taa zote zilikuwa nzima.

"Wataninyang'anya sare," alisema. "Huenda na jela."

"Najua."

"Na utalala vizuri?"

"Hapana."

Aliyang'oa madirisha mabovu kwa kibano, akayapanga pembeni kama meno. "Basi usiende na hilo shati lenye madoa," alisema. "Nitakupigia pasi jeupe."

Aprili 8

Tume inakaa katika ukumbi mdogo wa mihadhara. Nilikula kiapo, nikaeleza yote: stoo, madumu, mikono yangu iliyotengeneza, mikono yangu iliyovunja. Mama, anayenitania wakili, alikuwa ameketi safu ya tatu, bila sare, mkoba mapajani. Nilieleza barabara ya maktaba. Nikataja jina.

Mwanasheria wa kikosi alisimama akitabasamu. "Shahidi, mvua ilikuwa inanyesha?"

"Kubwa."

"Kulikuwa na moshi?"

"Mwingi."

"Wewe ulikuwa umepigwa, jicho moja limevimba. Na askari wote walivaa kofia zenye kioo cheusi. Basi tueleze wewe, mwanafunzi wa sheria: ulimtambuaje mmoja kati ya ishirini na wanne?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na aya juu ya dola, na aya juu ya ukweli. Zote zikaniacha.

"Kabla ya kupiga," nilisema, "huwa anainua bega la kushoto kwanza, kisha anavuta pumzi kwa pua, kama mtu anayejipa nafasi ya kuacha. Nimesimama mbele ya mkono huo tangu sijajua kuandika. Ni mama yangu."

Mwanasheria aligeukia meza ya tume aseme jambo. Katika safu ya tatu niliona bega la kushoto likiinuka, nikasikia pumzi ile ikiingia puani, na mwili wangu wote ukajikunyata kwenye kiti cha shahidi. Bega likashuka. Mama akasimama.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto hasemi uongo."